Nyumba na Herufi: Vyama vya Udugu katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Vyama vya udugu vya wanafunzi wa Marekani, pamoja na vile vya udada vilivyoundwa baadaye na wanawake, hujitambulisha kwa herufi mbili au tatu za Kigiriki, na kwa kuwa herufi hizohizo huonekana katika vyuo vingi, mtu aliye mbali huweza kudhani kwamba maisha ya wanachama ni mamoja kila mahali. Historia yaonyesha vingine, kwani kilichotofautisha chuo na chuo, kuliko kiapo au nembo, kilikuwa suala la malazi: mwanafunzi alilala wapi, alikula na nani, na nani alifungiwa mlango.

Chama cha kwanza cha herufi, Phi Beta Kappa, kiliundwa William & Mary, Virginia, tarehe 5 Desemba 1776, kwa ajili ya mijadala na urafiki, nacho baadaye kikageuka kuwa heshima wanayopewa wanaofaulu sana. Mfumo unaofahamika leo ulikomaa Union College, Schenectady, kulikozaliwa Kappa Alpha mwaka 1825, kisha Sigma Phi na Delta Phi mwaka 1827, miongoni mwa vijana ambao siku yao nzima ilitawaliwa na sala, ukariri wa Kilatini na Kigiriki, na macho ya walimu, na ambao kwa hiyo waliithamini siri kwa kuwa ndiyo peke yake iliyokuwa mali yao.

Siri hiyo ilipata paa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Ann Arbor. Mwaka 1846, wakati walimu wakipambana na vyama hivyo, wanachama wa Chi Psi walijenga kibanda cha magogo msituni ili wakutane humo, na katika miaka ya 1850 rais wa chuo, Henry Tappan, aliyevutiwa na vyuo vya Prussia, akayageuza mabweni kuwa madarasa na kuwaacha wanafunzi wajitafutie vyumba mjini. Pengo hilo lilikuja kuzibwa na vyama, vilivyokodi na kujenga nyumba, vikaajiri wapishi na kukusanya ada, hata chuo chenyewe kikawa kinavitegemea. Tangu hapo chama kilikuwa pia mwenye nyumba, na mwenye nyumba huchagua mpangaji. Ubaguzi wa rangi na wa dini, ambao baadhi ya vyama viliuandika waziwazi katika katiba zao, ulipata makazi ya kudumu.

Wanawake, waliokuwa wachache na wageni katika vyuo vya mchanganyiko, walianzisha vyama vyao kwa ajili ya kulindana kwanza: Pi Beta Phi ilianza Monmouth, Illinois, mwaka 1867, na Kappa Alpha Theta ikafuata mwaka 1870 katika chuo cha Indiana ambacho sasa huitwa DePauw. Nyumba zao zilipokuja kujengwa ziliwekewa masharti makali zaidi, yakiwemo marufuku ya pombe, na matokeo yake ni kwamba sherehe zilihamia kwa wanaume, nao ndio wakaamua nani aingie na kwa masharti gani. Tofauti hiyo ya mamlaka, inayoonekana ndogo katika karatasi, imewagharimu wasichana wengi usalama wao.

Cornell, mjini Ithaca, mlango uliofungwa ndio uliozaa chama kipya. Wanafunzi weusi wachache waliokuwa wametengwa na maisha ya wenzao walikusanyika kusoma pamoja, na tarehe 4 Desemba 1906 saba kati yao wakaunda Alpha Phi Alpha. Mbegu hiyo ilistawi zaidi Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington, ambako hapakuwa na haja ya kujikinga dhidi ya wengi: Alpha Kappa Alpha ilizaliwa mwaka 1908, na tarehe 13 Januari 1913 wanawake 22 waliotaka kazi ya hadharani zaidi waliunda Delta Sigma Theta, na kabla ya miezi miwili kupita, tarehe 3 Machi, waliandamana kudai kura ya wanawake. Huko nyumba haikuwa kiini cha uanachama, bali kazi na matawi ya wahitimu, yaani makundi ya waliokwisha kumaliza masomo. Na ndiyo maana Alpha Kappa Alpha iliweza, kuanzia mwaka 1935 hadi 1942, kupeleka huduma za afya kwa wakulima maskini wa Mississippi kila kiangazi.

Uamuzi wa Williams College, Massachusetts, wa mwaka 1962 unaeleweka vyema ukitazamwa hivyo. Chuo hicho kilichukua jukumu la kuwalaza na kuwalisha wanafunzi wote, na ndani ya miaka michache vyama vilivyokuwa vimeishi humo kwa zaidi ya karne vikatoweka. Howard hatua kama hiyo isingevifikisha vyama kwenye mwisho huo, kwa kuwa mwanachama aliyehitimu aliondoka na chama chake.