Wapiga Tarumbeta wa Beni

Ngoma ya beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Vijana wa Kiswahili walichukua tarumbeta, ngoma kubwa na gwaride la bendi za kijeshi, wakavitia katika desturi yao ya zamani ya mitaa kushindana kwa nyimbo. Vyama vya beni vilikuwa na sare, vyeo na wafalme wao. Tanganyika, wapinzani wakubwa walikuwa Marini na Arinoti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918, askari na wapagazi waliifikisha beni bara.

Tazama kinywa cha tarumbeta. Mpigaji hubana midomo na kuitetemesha kwa pumzi, huku vidole vitatu vikibonyeza vali kubadili sauti. Kupiga huku ukitembea juani kunataka kifua kipana na midomo iliyozoea.

Leo, Unguja, beni bado hupita mitaani siku za harusi. Dar es Salaam, vikundi vya matarumbeta husindikiza maharusi juu ya gari la wazi. Ukikutana nao, simama uwasikilize: wamebeba urithi wa zaidi ya miaka 100.