Kompyuta Inayosema na Kompyuta Inayosikia: Historia ya Lugha za Sauti katika Mwambao wa Gitaza

1.0 Utangulizi

Gitaza ni kituo kidogo katika komuni ya Muhuta, kando ya barabara ya RN3 inayofuata Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Wakazi wake husema Kirundi nyumbani, hukutana na Kiswahili sokoni na mialoni, na Kifaransa shuleni na ofisini. Mkazi wa hapo akitaka kompyuta itii amri za sauti na kumjibu kwa maneno, hatua ya kwanza ni kuchagua lugha. Hapo hugundua kwamba Kifaransa kinamhudumia pande zote mbili, Kiswahili kwa sehemu, na Kirundi, lugha yake ya kwanza, kwa uchache sana.

Makala haya yanachunguza jinsi mpangilio huo ulivyopatikana. Hoja yake kuu ni kwamba idadi ya wasemaji peke yake haiingizi lugha katika kompyuta. Lugha huingia kwa nguvu ya maandishi yake na ya sauti zilizorekodiwa. Kwa hiyo pengo lililopo ni zao la historia, na sera inaweza kulirekebisha.

2.0 Ngazi ya lugha kabla ya kompyuta

Ngazi hiyo ni kongwe kuliko mashine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara waliotokea Ujiji walikieneza Kiswahili katika mwambao huu, na Rumonge ikawa mojawapo ya ngome zake. Wajerumani walikitumia katika utawala. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 waliweka mkazo kwenye Kifaransa na Kirundi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakikupewa hadhi hiyo, ingawa hufundishwa shuleni.

3.0 Kusema kulitangulia kusikia

Mashine ya Audrey ya maabara za Bell nchini Marekani ilitambua tarakimu zilizotamkwa mapema mwaka 1952. Hata hivyo, kwa watumiaji wa kawaida, kompyuta ilijifunza kusema kabla ya kujifunza kusikia. Mashine ya Kurzweil ya kuwasomea wasioona ilitokea mwaka 1976, na kisomaskrini cha JAWS mwaka 1989. Mwaka 2006, Michael Curran na James Teh wa Australia walianzisha NVDA, kisomaskrini kinachotolewa bure.

NVDA huja na eSpeak, programu huria iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, ambayo huunda usemi kwa kanuni bila kuhitaji saa nyingi za sauti ya mtu. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Hilo liliwezekana kwa urahisi kwa sababu herufi za Kiswahili hulingana kwa karibu na sauti zake, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mucemi Gakuru na wenzake katika Chuo Kikuu cha Nairobi nao walijenga mfumo wa kugeuza maandishi ya Kiswahili kuwa usemi.

Kirundi kina ugumu wa aina nyingine. Tahajia yake ya kawaida haionyeshi toni wala urefu wa irabu. Neno umuryango huandikwa vilevile likiwa na maana ya familia au ya mlango. Msomaji hulitamka ipasavyo kwa kuufahamu muktadha, lakini kanuni za mashine hazina pa kushika. Anayelazimika kutumia sauti ya Kifaransa hupata hasara zaidi: katika neno chakula, ch husomwa kama sh, na u husomwa kwa midomo iliyobanwa mbele. Mrejesho wa aina hiyo unasikika, lakini haueleweki.

4.0 Kusikia kunadai sauti za watu

Utambuzi wa usemi hautoshelezwi na kanuni. Unahitaji watu wengi waliorekodiwa. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 ikiwa na amri za sauti, lugha zake zilikuwa chache, Kifaransa kikiwemo, na hapakuwa na lugha hata moja ya Afrika Mashariki. Mwaka 2012 Hadrien Gelas, Laurent Besacier na François Pellegrino walieleza mfumo wa kutambua Kiswahili uliojengwa kwa matangazo ya habari. Google iliongeza Kiswahili katika utafutaji kwa sauti mwaka 2017.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi kwa Burundi uko Rwanda. Kupitia mradi wa Common Voice wa Mozilla, taasisi ya Digital Umuganda ya Kigali iliwahamasisha raia kusoma sentensi kwa sauti, na Kinyarwanda kikakusanya zaidi ya saa 2,000. Mwaka 2021 mradi huo ulipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya kazi kama hiyo ya Kiswahili. Kinyarwanda na Kirundi husikilizana. Kwa hiyo tofauti ya bahati zao katika kompyuta haikuletwa na sarufi. Ililetwa na uamuzi wa kurekodi.

Hata Kiswahili kilichorekodiwa si lazima kiwe cha ziwani. Katika Kongo ya mashariki, ng'ambo ya Gitaza, vitu hutamkwa bitu. Mfumo uliofunzwa kwa lafudhi sanifu pekee utamkosea msemaji huyo.

5.0 Uzito wa suala hili Gitaza

Machi 2015 maporomoko ya udongo yaliua watu Gitaza na kuikata RN3. Mahali penye hatari kama hiyo, tangazo linalosomeka kwa macho tu humwacha nyuma asiyeona na asiyejua kusoma. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na mkataba huo unadai ufikivu wa habari na teknolojia zake. Aidha, huduma inayotegemea intaneti hunyamaza mtandao ukikatika. eSpeak hufanya kazi ndani ya mashine yenyewe.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaelekeza hatua tatu. Kwanza, sauti za Kirundi na za Kiswahili cha mwambao zikusanywe kwa ridhaa ya wasemaji na kuwekwa huria. Pili, wanaisimu waandae kamusi ya Kirundi inayoonyesha toni na urefu wa irabu. Tatu, ununuzi wa kompyuta za umma uzingatie sauti zinazofanya kazi bila intaneti. Hatua hizo zikiahirishwa, mkazi wa Gitaza ataendelea kuiamuru kompyuta kwa Kifaransa au kukaa nayo kimya.