Juma Ikangaa: Ofisa wa JWTZ aliyekosa ushindi kwa sekunde, akaja kuuchukua New York

Juma Ikangaa ni ofisa mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa marathoni waliowahi kutoka nchini. Alizaliwa Julai 19, 1957 mkoani Dodoma.

Marathoni ni kilomita 42.195. Kama uko Songea, piga hesabu hivi: toka mjini nenda Peramiho, kisha geuza urudi karibu njia yote. Ikangaa alikuwa anaumaliza umbali huo kwa saa mbili na dakika nane. Kwa miguu!

Jeshi na michezo

Kwenye nchi za kriketi, ofisa wa jeshi kucheza ngazi ya juu si jambo geni. Luteni Kanali Hemu Adhikari aliwahi kuwa nahodha wa India mwaka 1959. Kwetu, wanajeshi waling'ara zaidi kwenye riadha. Filbert Bayi, naye wa JWTZ, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Ikangaa akafuata njia hiyohiyo, ila yeye akachagua mbio ndefu.

Sekunde 16

Mwaka 1982 alishiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola, Brisbane, Australia. Yeye na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga waliongoza sehemu kubwa ya mbio. Mwishoni Robert de Castella, mwenyeji, akawafikia. Ikangaa akabanana naye lakini akaachwa kwa sekunde 12 na kupata medali ya fedha.

Mwaka 1983, Fukuoka, Japani, Toshihiko Seko akamshinda kwa sekunde 3.

Kisha ikaja Boston 1988. Ibrahim Hussein wa Kenya alimaliza kwa saa 2:08:43, Ikangaa 2:08:44. Sekunde moja tu! Alirudi Boston mwaka 1989 na 1990, na mara zote mbili akawa wa pili tena.

Jumlisha Brisbane, Fukuoka na Boston 1988. Zaidi ya kilomita 126 za mbio, na kilichomkosesha ushindi wote ni sekunde 16.

Sio kwamba hakuwa anashinda. Alibeba Tokyo mwaka 1984 na 1986, pia Fukuoka 1986. Kwenye Olimpiki alikuwa wa sita Los Angeles 1984 na wa saba Seoul 1988.

New York 1989

Novemba 5, 1989, akiwa na cheo cha Meja, Ikangaa hakutaka kusubiri sekunde za mwisho ziamue. Alishinda New York City Marathon kwa saa 2:08:01, zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya Ken Martin wa Marekani aliyekuwa wa pili. Ilikuwa rekodi mpya ya mbio hizo na ilidumu hadi mwaka 2001.

Wakimbiaji wa nchi nyingi bado wanairudia kauli yake kwamba nia ya kushinda haina maana kama huna nia ya kujiandaa. Ukiangalia alivyorudi kila mwaka baada ya kushindwa, unaelewa alimaanisha nini.

Baada ya mbio

Hakuachana na riadha. Akiwa balozi wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, amekuwa sehemu ya mashindano ya wanawake ya Ladies First yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017. Mashindano hayo yanakusanya wasichana kutoka mikoani, wengi wao wasio na nafasi nyingine ya kukimbia kwenye uwanja mkubwa.

Kwa nini tumkumbuke sasa

Septemba 2025, Alphonce Simbu, mwanajeshi mwingine wa JWTZ, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, na picha ya kwenye mstari ndiyo iliyoamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo.

Kati ya New York na Tokyo imepita miaka karibu 36. Vipaji havijawahi kuisha, hata huku Ruvuma vipo. Bayi, Ikangaa na Simbu wote walikuwa na mwajiri aliyewapa muda wa kufanya mazoezi. Kijana anayekimbia barabarani alfajiri kisha anawahi kibaruani hana nafasi hiyo.