Njia Zitokazo Amigdala

Amigdala ni kundi la viini, yaani mafungu ya seli za neva, lililomo katika kila nusu ya ubongo, upande wa panja, na jina lake, lililotolewa na mwanaanatomia Mjerumani Karl Friedrich Burdach mwanzoni mwa karne ya 19, latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya lozi. Kiarabu huiita lozi ya ubongo. Lakini kwa kuwa findo za kooni nazo huitwa lozi katika lugha hiyo, neno amigdala ndilo lifaalo zaidi katika maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili.

Nyuzi za neva hutoka humo kwa njia kuu mbili. Ya kwanza, ambayo Kilatini huiita stria terminalis, huanzia hasa katika viini vya upande wa ndani, ikapanda kwa nyuma na kupinda juu ya thalamasi, ikiandamana na mkia wa kiini chenye mkia, kisha ikashuka mbele hadi haipothalamasi. Kuiita “ukanda wa mwisho” ni kupotosha, kwani terminalis hapa yahusu mpaka, yaani mfuo unaotenga thalamasi na kiini hicho. “Ukanda wa mpakani” ndiyo tafsiri ya haki.

Njia ya pili ni fupi na pana zaidi, nayo hupita chini ya viini vya kina vya ubongo kuelekea haipothalamasi, thalamasi, gamba la mbele na shina la ubongo. Istilahi yake ya kigeni imejengwa juu ya kitenzi cha Kilatini cha kukimbia, ambacho katika anatomia hakimaanishi zaidi ya kutoka. Kwa hiyo yafaa iitwe “njia ya chini itokayo amigdala”, ingawa nyuzi nyingine ndani yake, kama zilivyo nyingine za ukanda wa mpakani, hurudi amigdala.

Thamani ya kufuatilia kila tawi ilidhihirika mwaka 1988, pale mwanasayansi wa neva Joseph LeDoux na wenzake walipochunguza panya waliofunzwa kuogopa sauti fulani: kuharibiwa kwa haipothalamasi ya pembeni kulidhoofisha kupanda kwa shinikizo la damu bila kuzuia mnyama kuganda kwa hofu, ilhali kuharibiwa kwa eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa ubongo wa kati kulizuia kuganda huko, shinikizo likaendelea kupanda.