Somo Tulilolirekebisha kwa Biki

Baba yangu alisoma uraia chini ya bendera. Ilikuwa miaka ya 1980, Homa Bay ikiwa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza, na Migori ikiwa ndani ya wilaya hiyo hiyo. Somo liliitwa GHC: jiografia, historia na uraia. Lakini uraia wenyewe, anasema, ulikuwa paredi ya asubuhi: unaapa utiifu, unaimba Nyayo, unangoja maziwa. Kenya ilikuwa imefanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria mwaka 1982. Halafu 1988 ukaja mlolongo. "Darasani kura ni siri," baba hucheka, "huko nje wazee wamepanga foleni nyuma ya picha ya mgombea."

Mimi nilikuja baadaye. Katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, nilikuwa darasa la sita na nimeshakariri mikoa minane. Ghafla tunaambiwa kaunti 47, zinazofuata mipaka ya wilaya za 1992. Vitabu vipya havikuwa vimefika. Mwalimu akatuambia tutoe biki, tupige laini juu ya "wilaya", tuandike "kaunti". Basi. Mfumo mzima wa utawala ulibadilika kwa dakika tano, na kengele ikalia.

Nadhani hiyo ndiyo historia ya somo hili kwetu: nchi inabadilika kwanza, kitabu kinafuata kikihema.

Juni 2024 vijana hawakungoja kitabu. Mswada wa Fedha ulisomwa simuni, ukatafsiriwa kwa lugha za nyumbani, ukafafanuliwa kwenye TikTok kifungu kwa kifungu. Maandamano yakafika hadi Migori. Tarehe 25 watu waliuawa kwa risasi Nairobi; kesho yake rais akakataa kuutia sahihi mswada huo. Kifungu cha 37, haki ya kuandamana, wengi wetu tulikijulia barabarani.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang', mwalimu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni. Akapelekwa Nairobi. Kesho yake alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili alisema majeraha hayakuonyesha hivyo.

Wiki hiyo mpwa wangu, mwanafunzi wa CBC, aliniletea homuweki: taja haki tatu za mtu aliyekamatwa. Nilijua jibu. Kifungu cha 49: aelezwe sababu, asilazimishwe kukiri, afikishwe kortini kabla ya saa 24.

Baba alikuwa ameketi hapo, redio ikisoma habari za Ojwang'. Akaizima.

"Mwandikie," akasema. "Lakini mwambie pia kilichotokea."

Nikamwambia yote mawili. Akaandika la kwanza. La pili hakukuwa na nafasi kwenye kitabu, akaliandika pembeni, kwa biki.