UMESOMA KWA NANI? Mtihani wa Matabibu wa Baghdad na Upasuaji wa Urembo



Sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Amma ba'ad.

Ndugu wazazi na wanafunzi, baada ya darsa moja alitujia mama mmoja pamoja na binti yake. Binti aliungua kwa mafuta ya moto utotoni, na kovu limevuta shavu lake mpaka karibu na jicho. Walikuwa wamempata mtu anayefanya "upasuaji wa urembo" katika chumba cha kupanga, kwa bei nafuu, na picha za kazi zake wameziona kwenye simu. Wakatuuliza: je, ni halali? Nasi tukawauliza: huyo bwana amesoma kwa nani? Hawakujua. Hakuna aliyemuuliza.

Swali lao lina jibu jepesi. Swahaba 'Arfajah bin As'ad (Radhiya Allaahu 'anhu) alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliyyah. Akatengeneza pua ya fedha, ikawa inanuka, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamuamrisha atumie ya dhahabu. Wameipokea Abu Daawud, At-Tirmidhiy na An-Nasaaiy. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa imeruhusiwa kwa ajili ya kuondoa aibu na maudhi. Kwa upande mwingine, katika Bukhari na Muslim wamelaaniwa wanaochonga meno ili wapendeze tu. Ndiyo maana Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro ya kuzaliwa au ya ajali, na likakataza ule wa kubadilisha umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio. Pia liliweka sharti kuwa mpasuaji awe daktari bingwa mwenye sifa.

Sharti hilo ndilo tunalolisahau, ilhali historia yetu imelijua kwa muda mrefu.

Mwaka 319 Hijria (931 Miladia) mtu mmoja alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa Al-Muqtadir alipopata habari, alitoa amri kwamba asitibu mtu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu. Matabibu waliosifika kwa ujuzi na wale wa ikulu walisamehewa. Waliobaki, wanahistoria wanasema, walikuwa zaidi ya 860 katika pande mbili za mji. Kila mmoja alipewa ruhusa kwa kadiri ya kile alichokijua, si zaidi.

Katika waliokuja alikuwamo mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan alimheshimu akidhani ni mwanachuoni. Walipobaki peke yao, mzee akatoa sarafu za dhahabu na kukiri kwamba hajui kusoma wala kuandika vizuri, ila ana watoto wa kulisha. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti kwamba asimtoe mtu damu wala asimpe dawa kali ya kuharisha, isipokuwa kwa maradhi mepesi. Mzee akasema maisha yake yote hajavuka sharubati. Kesho yake akaja kijana. "Umesoma kwa nani?" Kwa baba yangu. Kumbe baba ni yule mzee wa jana! Naye akafungwa kwa sharti lilelile.

Tunacheka, lakini tuangalie vizuri. Mavazi mazuri yalimdanganya hata Sinan kwa muda. Kilichookoa watu ni swali na mpaka.

Huko Andalus, Abul-Qaasim Az-Zahrawi, aliyefariki karibu mwaka 404 Hijria (1013 Miladia), aliandika At-Tasrif katika sehemu 30, na ya mwisho akaifanya ya upasuaji, pamoja na michoro ya vyombo vyake. Humo alieleza hata namna ya kumpunguza mwanamume matiti yaliyovimba kama ya mwanamke. Lakini kabla ya yote alionya kwamba asiyejua viungo vya mwili asishike kisu. Alisimulia kuwa alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa, na mama yule akatokwa damu mpaka akafa mbele yake.

Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alishafundisha, kama walivyopokea Abu Daawud, An-Nasaaiy na Ibn Maajah, kwamba anayetibu bila ya kujulikana kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara.

Basi leo tuulize nini? Kwanza, amesajiliwa na baraza la madaktari la nchi? Pili, usajili peke yake hautoshi: je, amesomea upasuaji huu hasa? Katika kanda yetu kipo chuo cha COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, kinachowatahini mabingwa wa upasuaji, ukiwamo wa kurekebisha maumbile. Tatu, atapasua wapi, na nani atatoa nusukaputi? Nne, anaeleza hatari, au anaahidi uzuri tu? Tano, amewahi kumwambia mgonjwa "hili usifanye" au "hili siliwezi"? Asiye na mpaka ni hatari kuliko yule mzee wa sharubati.

Yule mama alirudi kwa bwana wa chumbani akamuuliza. Bwana akakasirika, akasema wateja wake hawamhoji. Hilo likawa jibu. Sasa binti yuko katika orodha ya kusubiri hospitalini. Foleni ni ndefu, na daktari amewaambia wazi kwamba kovu litapungua, halitafutika. Binti ameridhika, anataka jicho lifumbe vizuri anapolala.

Tunamuomba Allaah Amponye, na Atulinde sisi na watoto wetu. Aamiyn.

Wallaahu A'lam.