Shule Isiyokuwa na Zana: Habari za Tuskegee

Mwalimu wa ufundi asiye na zana ni kama mvuvi asiye na wavu: maarifa anayo, bahari anaiona, walakini jioni hurudi mikono mitupu. Walimu wengi waijua taabu hii. Wanafunzi wao huandika katika madaftari habari za msumeno, za randa na za keekee, na wengine hawajapata kuzishika hata siku moja. Basi serikali ikiwa haina fedha, na wazazi nao wakiwa maskini, neno la kwanza litokalo midomoni ni hili: "Na tutafute watu wa kutupa." Neno hilo si baya. Lakini limekwisha kujaribiwa zamani na watu wengine, na yaliyowapata yafaa kujulikana na kila mtu mwenye mtoto shuleni. Kwa hiyo nataka kueleza habari za Tuskegee, shule ya watu weusi wa Marekani iliyoanza bila jembe wala nyundo, ili tuone vifaa vyake vilitoka wapi, na kwa bei gani.

Utumwa ulikomeshwa katika nchi yote ya Marekani mwaka 1865. Waliokuwa watumwa walipata uhuru, lakini hawakupata mashamba wala fedha, na shule zao zilikuwa chache. Katika mji mdogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama, alikuwako mtu mmoja jina lake Lewis Adams. Alizaliwa mtumwa, walakini alijua kazi tatu: kushona viatu, kutengeneza matandiko ya farasi, na kufua bati. Fundi huyo alitamani sana watoto wa watu wake wapate shule. Akashirikiana na George Campbell, mzungu mfanya biashara aliyekuwa zamani na watumwa, na shauri lao likafika mbele ya bunge la jimbo. Mwaka 1881 bunge likakubali kutoa dola 2,000 kila mwaka. Lakini sharti lilikuwako: fedha zile zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Haikuruhusiwa kutoa hata senti moja kununua kiwanja, wala nyumba, wala kifaa cho chote.

Aliyeitwa kuwa mwalimu mkuu alikuwa Booker T. Washington, kijana wa miaka 25, ambaye naye alizaliwa utumwani huko Virginia, akasoma katika chuo cha Hampton. Tarehe 4 Julai 1881 akafungua shule kwa wanafunzi 30, ndani ya banda bovu karibu na kanisa. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja mkubwa aliacha masomo yake, akasimama kumshikia mwalimu mwavuli, na mafundisho yakaendelea.

Punde si punde likapatikana shamba la kuuzwa, ekari 100 hivi, kwa bei ya dola 500: nusu ilipwe sasa, na nusu kabla ya mwaka kwisha. Washington hakuwa na kitu. Akamwandikia mtunza fedha wa Hampton, naye akamkopesha dola 250 za mfukoni mwake mwenyewe. Katika shamba lile nyumba kubwa ilikuwa imeteketea kwa moto. Palikuwa na kibanda, jiko la zamani, zizi la farasi na banda la kuku. Zizi likasafishwa likawa darasa, na banda la kuku likawa darasa. Na mnyama wa kwanza wa shule alikuwa farasi mzee, tena kipofu, aliyetolewa bure na mzungu mmoja wa mjini. Hiyo ndiyo injini ya kwanza ya Tuskegee.

Sasa deni lilipwe namna gani? Mwalimu Olivia Davidson, mwenzake Washington, alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa weusi na kwa weupe, akiomba mkate, au kuku, au andazi, vitu ambavyo viliuzwa katika karamu za shule. Watu weusi waliotoka utumwani juzi walileta senti tano, wengine miwa, wengine shuka walizozishona kwa mkono. Siku moja akaja bibi kizee wa miaka 70 hivi, amevaa matambara lakini safi, akampa Washington mayai sita, yasaidie kusomesha vijana. Washington alipokea baadaye maelfu ya dola kutoka kwa matajiri, lakini alisema kwamba hakuna zawadi iliyomgusa moyo kama mayai yale. Miezi mitatu haijapita sana, mkopo ukarudishwa. Na baada ya miezi miwili mingine bei yote ya shamba ilikuwa imelipwa. Na sehemu kubwa ya fedha zile ilitoka Tuskegee penyewe.

Kisha yakaja mambo ya matofali. Shule ilitaka majengo, na mjini hapakuwa na tanuri. Washington akasema, "Tutachoma wenyewe." Wanafunzi wakaingia katika shimo la udongo mpaka magotini, na wengine wakaichukia kazi ile wakaondoka shuleni. Matofali 25,000 yakafinyangwa, tanuri likajengwa vibaya, yote yakaharibika. Tanuri la pili likaharibika. La tatu likakaribia kuiva, kisha usiku wa manane likaanguka. Fedha zikawa zimekwisha, na walimu wakamwambia aache. Washington akachukua saa yake, akaenda mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akajenga tanuri la nne. Na hilo likaiva. Saa ile hakupata kuikomboa. Lakini wazungu waliokuwa hawaipendi shule wakaja kununua matofali, maana yalikuwa mazuri, na kwa biashara hiyo uadui ukapungua. Miaka 20 hivi baadaye shule ilikuwa na majengo 40, na yote isipokuwa manne yalijengwa na wanafunzi.

Mwaka 1896 alikuja George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo na mimea, aliyezaliwa utumwani huko Missouri. Alikuja na hadubini aliyopewa zawadi na rafiki zake wa chuo alichotoka. Alipouliza chumba cha kuchunguzia vitu, akaambiwa hakipo. Hakuketi kusubiri. Akawachukua wanafunzi wake mpaka kwenye majalala ya mji na nyuma ya nyumba za watu, wakaokota chupa, mitungi iliyovunjika, waya na vipande vya bati. Chupa ya wino ikatiwa utambi ikawa taa ya kuchemshia dawa. Kikombe kizito kikawa kinu cha kutwangia. Akawafundisha kwamba takataka ya mtu mmoja yaweza kuwa chombo cha elimu kwa mwingine, mradi mwalimu ajue anachotafuta. Hata mwaka 1906, tajiri Morris Jesup wa New York alipotoa fedha, wanafunzi wakaunda gari la kukokotwa na wanyama, likabeba zana na mbegu kwenda kuwafundisha wakulima huko huko mashambani kwao.

Wasomaji wapendwa, angalieni mpango wa mambo haya. Washington alikuwa amekwenda kumwona Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, naye hakuonyesha hamu kubwa. Karibu miaka kumi ilipita. Mwaka 1900 Washington akamwandikia barua, hakuomba "msaada" tu, bali alieleza: tunataka nyumba ya vitabu, itagharimu dola 20,000 hivi, matofali tutafanya wenyewe na kazi itafanywa na wanafunzi. Carnegie akatoa dola zile 20,000. Na mwaka 1903 akatoa 600,000 kuwa akiba ya shule. Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema. Na Tuskegee ilikwisha kujitahidi mkono wake usiwe mtupu.

Lakini nisipoeleza upande wa pili, nitakuwa nimewadanganya. Zawadi ina macho: aliyetoa hutazama. Mwaka 1895 huko Atlanta Washington alihutubia mkutano mkubwa, akawashauri watu weusi waanze kwa kazi na biashara, na wasishindanie kwanza usawa na wazungu. Wazungu wengi walifurahi, na miaka iliyofuata ikaleta misaada mikubwa. Ndipo mwaka 1903 W. E. B. Du Bois, mweusi msomi, akaandika kwamba bei ile ni ghali mno: watu wameambiwa waache kwa sasa kura, haki na elimu ya juu, ili wapate nyundo na misumeno. Nani alikuwa na haki? Washington alikufa mwaka 1915, na barua zake zimeonyesha kwamba kwa siri alilipia kesi za kutetea haki ya weusi kupiga kura. Yaani mtu yule aliyeogopwa kuwa amenunuliwa alipigana. Walakini ilimpasa apigane gizani, waliompa fedha wasijue. Hiyo nayo ni bei.

Hata hivyo njia bora zaidi ilionekana. Toka mwaka 1912 Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, alishirikiana na Tuskegee kujenga shule za vijijini. Hakukubali kutoa peke yake: kijiji nacho sharti kitoe fedha, au ardhi, au mbao, au nguvu, na serikali nayo ilipe sehemu yake. Hata mwaka 1932 palikuwa na majengo zaidi ya 5,300, na katika hayo 163 yalikuwa karakana za ufundi. Rosenwald alitoa dola 4,300,000 na zaidi. Watu weusi wenyewe, wakulima maskini wengi wao, walitoa dola zaidi ya 4,700,000. Hapo hakuna awezaye kusema, "Shule hii ni yangu mimi niliyekupa."

Habari hizi zilivuka bahari. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na mmoja wao alikuwa Aggrey wa Gold Coast; na mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, nchi ya Kenya, kwa mfano wa kazi za weusi wa Marekani. Na swali la Du Bois likaja pamoja nayo: je, tunapewa zana ili tuinuke, au tubaki chini?

Basi shule ikitaka zana, na itafute watoaji bila haya. Ila kwanza ihesabu iliyo nayo, hata chupa na waya. Kisha kijiji kitoe chake, hata kama ni mayai sita. Kisha ombi litaje kitu kwa jina lake, na kazi yake, na nani atakitunza. Mashine isiyo na mtu wa kuitengeneza ikataliwe kwa heshima. Na siku zawadi itakapofika, tuulize bei yake kabla ya kuifungua. Farasi wa Tuskegee alikuwa kipofu, lakini waliomwongoza walikuwa wanaona.